Gáspár na Ndugu Wanaonuka Samaki

Gáspár Kelemen anasafisha dohani, mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, leo ana hamsini na tisa, na masizi yamemwingia mpaka kwenye mikunjo ya masikio. Hata akitoka kuoga, ukimtazama kwa pembeni utaona kamstari keusi. Haoni haya. Husema kwamba watu wa masikio meupe pe ni wale wasiojua moto wa nyumbani kwao unapumulia wapi.

Kwetu, ukimwona msafisha dohani unashika kifungo cha nguo yako haraka na kuomba jambo moja moyoni. Wanafanya hivyo mahakimu, wanafanya hivyo madaktari wa meno. Mimi ni karani wa posta hapa Miskolc, Hungari, dirisha la vifurushi, na Gáspár akiingia na nguo zake za kazi, foleni nzima hujishika kifuani kama watu waliopatwa na kiungulia kwa pamoja. Yeye hupita polepole, anasalimia kwa kichwa, anagawa bahati kushoto na kulia. Kwake mwenyewe bahati hiyo haikukaa sana. Mkewe alihamia Graz na mtengeneza vinanda, akamwachia binti wa miaka minane aitwaye Boróka. Gáspár alimlea peke yake. Asubuhi alikuwa anamsuka kabla ya kwenda kazini, na yule mtoto mwenye nywele za rangi ya majani makavu akawa anafika shuleni na ncha nyeusi.

Kila Jumamosi yenye theluji tunakwenda kuteleza kwa mbao kwenye kilima kimoja huko Bükk. Si kilima cha kujivunia. Kina mteremko mmoja, kamba moja ya kuvuta watu juu, na kibanda kimoja cha mbao kinachouza divai ya moto na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu. Wa kudumu tuko watatu: Gáspár, mimi Etelka, na Lóránt, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mrefu kama ngazi, ambaye hawezi kuteleza bila kutoa maelezo.

Tuna sheria moja, na niliitunga mimi. Ni marufuku kuzungumza habari za kazi kilimani. Atakayevunja atabeba mbao za kutelezea za watu wote mpaka kwenye magari. Niliitunga kwa ajili ya Lóránt, aliyewahi kutusimulia mtihani wa darasa la saba swali kwa swali, lakini nami imenipata mara moja, kwa sababu ya kifurushi kilichowika dirishani kwangu. Nani angeweza kukaa kimya na jambo kama hilo?

Gáspár peke yake kazi yake haifichiki. Mwaka mmoja alichelewa kumaliza dohani ya hoteli iliyo juu ya kilima, akaona ni upuuzi kurudi kubadilisha. Akavaa mbao zake akashuka vilevile, na koti lake jeusi lenye safu mbili za vifungo vya shaba. Watu walipomwona waliachia fimbo na kutafuta vifungo. Sasa, nguo za theluji zina zipu tupu. Wakawa wanajipapasa kifuani, kiunoni, mgongoni, huku mbao zinakwenda. Walianguka kumi na moja, nilihesabu. Bwana mmoja alipata kifungo, ila kilikuwa kwenye sweta la mwanamke asiyemjua, na maelezo aliyompa mkewe yalichukua muda kuliko chakula cha mchana. Gáspár aliona vibaya sana. Jumamosi iliyofuata alikuja na sindano na uzi akatushonea kila mmoja kifungo kwenye jaketi. Changu ni cha kijani, kikubwa kama biskuti, na sijawahi kuona jaketi lililoharibiwa kwa upendo kiasi hicho.

Kwa kuwa kazi ni marufuku, tukabaki na jambo moja la kubishania: Kihungari kimetoka wapi. Lóránt anasema ndugu zetu ni Wafini, ilivyo vitabuni. Mkono, damu, maji, samaki, maneno yote haya anayapanga mezani yetu na yao, kama mtu anayepanga soksi zinazolingana. Gáspár hataki kusikia. Yeye alipata kitabu kisicho na jalada kwenye dari ya nyumba ya mteja, akasoma humo kwamba sisi ni wajukuu wa Wasumeri, wale wa kale wa Mesopotamia, na tangu siku hiyo haambiliki. Eti Wasumeri walijenga minara. Na mnara ni nini, kama si dohani iliyokosa moto?

Wafini anawaita ndugu wanaonuka samaki. Tusi hilo hakulibuni yeye, ni la zamani, lakini kwa ladha anavyolitamka utadhani ni lake. Lóránt humkumbusha kwamba kila Krismasi yeye Gáspár hunywa sahani tatu za supu ya samaki.

"Hiyo ina paprika, pilipili yetu wenyewe," hujibu Gáspár. "Paprika inakata uhusiano."

Akibanwa kabisa huwa na hoja yake ya mwisho, na hiyo hakuna aliyewahi kuijibu. Kama Wafini ni ndugu, mbona hawajawahi kuja? Shangazi yake wa Kecskemét ni ndugu, anasema, na unajua ni ndugu kwa sababu anakuja bila kuitwa, anakaa wiki mbili, na akiondoka anaondoka na kitu. Mwaka juzi aliondoka na sufuria kubwa. Mwaka jana, ngazi. Huyo ndiye ndugu. Sasa hao wa kwenye vitabu vya Lóránt, nani kati yao aliwahi hata kuchukua kijiko?

Nimeeleza yote haya ili mjue nilivyojisikia Jumatano ile Boróka alipokuja dirishani kwangu bila kifurushi. Sasa ana miaka ishirini na tisa, ni muuguzi, na ana mchumba ambaye ni Mfini. Jina lake Ilmari. Gáspár alimpokea vizuri kuliko tulivyotegemea, kwa sababu kijana ni mpole, anakula kabichi iliyojazwa nyama bila kuulizwa mara mbili, na anafanya kazi chuo kikuu. Kwa Gáspár, mtu wa maana chuo kikuu ni yule wa chumba cha boila, mtambo wa kupasha majengo joto, maana hao ndio anaowajua. Akaamua kijana ni wa huko, hakuuliza zaidi, na Boróka hakumsahihisha. Gáspár alisema hata kwamba kijana ananyamaza kama boila nzima.

"Shangazi Etelka," Boróka aliniambia, mdomo karibu na kioo, "Ilmari ni mtaalamu wa lugha. Amekuja Hungari kuchunguza undugu wa Kihungari na Kifini."

Niligonga muhuri kidoleni mwangu.

Hayakuishia hapo. Ilmari alikuwa amepata kazi ya kudumu Kuopio, kwao, kuanzia vuli. Boróka alitaka kwenda naye. Lakini baba yake alikwisha kuachwa mara moja, na yeye hakutaka kuwa wa pili kufunga mlango kwa nguvu. Alinieleza bila kuzunguka: kama baba angekasirika, yeye asingeweza kuondoka, angebaki Miskolc, na Ilmari angekwenda peke yake. Alipanga kumwambia Jumamosi, kilimani, maana hakuna mahali Gáspár ana moyo mkunjufu kama pale. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba habari ya boila isifumuke kabla. Baba apokee pigo moja kwanza, jingine baadaye. Nikamwambia asijali. Tuna sheria, na sheria inakataza kuzungumza kazi. Nilijiona mwerevu sana.

Jumamosi Ilmari alikuja na mbao nyembamba, zile za kwao za kutembelea kwenye tambarare. Gáspár alizitazama akauliza kama hizo ni za kutelezea au za kulia wali wa Kichina. Ilmari alisema kwao ndizo zinazotumika. Akapanda kwa kamba, akageuka, akashuka moja kwa moja bila kukata kona hata moja, uso umetulia kama mtu anayesubiri basi, akapita foleni, akapita kibanda, akaingia kwenye rundo la kuni.

Gáspár alikuwa wa kwanza kufika. Alimchomoa kwa miguu, akampapasa shingo na mbavu, akamkung'uta maganda ya miti. Nilimwona amefurahi. "Hakupiga kelele," aliniambia pembeni, kwa sauti ya mtu aliyenunua farasi mzuri. Kwa siku nzima nilikuwa nimeshikilia kile kifungo changu cha kijani, nikamwona Boróka naye ameshika cha kwake.

Tulikaa kibandani, divai ikaja. Nilianza kuzungumzia hali ya hewa, nikaizungumzia mpaka ikaisha. Lóránt sikuwa nimemwambia siri, kwa kuwa siri kwake ni maji kwenye pakacha, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunyamaza. Akachovya kidole kwenye divai, akaanza kuchora juu ya meza ramani ya Milima ya Ural, ambako vitabu vyake vinasema ndugu hao waliachana.

Gáspár akavimba. Akaleta Wasumeri, akaleta minara, akaleta paprika. Alisema ndugu wanaonuka samaki, halafu akakumbuka aliyekaa mbele yake, akamwomba radhi, akaeleza kwamba hamaanishi yeye, anamaanisha wengine wote waliobaki huko. Ilmari aliitikia kwa adabu. Lóránt akamtupia maneno yake ya soksi: mkono, damu, maji. Na ndipo Gáspár, alipoona anazidiwa, akatafuta shahidi.

"Ilmari, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, na Boróka aliinua kichwa. "Wewe ni mtu wa boila, huna makuu. Usimwogope huyu mwalimu. Niambie kweli, mimi na wewe ni ndugu?"

Ilmari aliweka kikombe chini. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mzee Gáspár, siwezi kujibu. Sheria inakataza."

"Sheria ipi?"

"Ya kuzungumza habari za kazi."

Gáspár alicheka kidogo. Akasema boila haihusiani na swali lake. Kisha kicheko kikapungua. Alimtazama Boróka, Boróka akanitazama mimi, mimi nikatazama mkate wangu. Lóránt, aliyewahi kuelewa kabla ya Gáspár, alicheka mpaka divai ikamtokea puani na kuizamisha Ural.

"Mtaalamu wa lugha," alisema Gáspár, kama mtu aliyekuta panya kwenye unga. "Amekula kabichi yangu mara tatu."

Hapo Boróka alipoteza akili. Badala ya kungoja, alitoa na lile la pili, kwa pumzi moja. "Na ana kazi Kuopio, Baba, kuanzia vuli, na mimi nataka kwenda naye."

Gáspár hakupiga meza. Ningependa angepiga. Alisimama, akavaa kofia nyuma mbele, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akifunga mbao zake, akashika kamba, akavutwa juu peke yake, mgongo umeinama. Boróka aliangalia tu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba basi, imekwisha, anabaki. Niliumia kweli, na nikajichukia kwa werevu wangu wa posta.

Ilmari ndiye aliyesimama. Aliniuliza kama amevunja sheria. Nikamwambia amevunja. Akauliza adhabu inaanza lini. Nikamwambia nani anajali adhabu sasa, lakini Wafini, kumbe, wanajali. Alitoka, akakusanya mbao zangu, za Lóránt, za Boróka na zake mwenyewe, mbao nane na fimbo zake, akazipanga mabegani. Mwenye kamba akakataa kumvuta na mzigo ule. Basi akaanza kupanda kilima kwa miguu.

Nilimwita nikamweleza kwamba adhabu ni kubeba kwenda chini, kwenye magari, na kwamba tangu dunia iumbwe hakuna aliyebeba kwenda juu. Alijibu kwamba mwenye malalamiko yuko juu. Boróka akamfuata mbio. Na mimi nikafuata, na viatu vile vya plastiki vinavyomfanya mtu atembee kama bata, kwanza kwa sababu mbao zangu zilikuwa zinaondoka, pili kwa sababu nisingekosa jambo hilo hata kwa dawa.

Tulimkuta Gáspár amekaa kwenye kisiki. Ngumi moja alikuwa ameifunga. Ilmari alishusha mzigo, akasimama mbele yake anahema, theluji inamyeyukia usoni.

"Ndiyo," alisema. "Umeniuliza, na sasa nimeshaadhibiwa, naweza kujibu. Ndiyo, ni ndugu. Lugha zetu ni ndugu. Wa mbali, wa miaka elfu nne na zaidi, lakini ndugu."

Gáspár alitazama miti. Nilijua kinachokuja, na kikaja. Aliuliza, miaka yote hiyo elfu nne, nani aliwahi kuja kutusalimia? Mmoja tu amtajie. Sauti yake ilikuwa ya ubishi, lakini macho hayakuwa ya ubishi hata kidogo.

Ilmari alifikiri. Huyu kijana hajibu haraka, anakwenda ghalani kwanza.

"Mimi," alisema. "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Hoja iliyosimama miaka ishirini na saba ilianguka pale pale, nami nikawa shahidi. Gáspár alimtazama binti yake, aliyekuwa analia na kamasi zinaganda.

"Umekuja," alisema hatimaye, "na sasa unataka kuondoka na binti yangu."

"Ndiyo, Mzee."

Gáspár alivuta pumzi ndefu, akaitoa kama moshi. "Ndugu kweli huyu," akaniambia mimi. "Shangazi wa Kecskemét naye hajawahi kuondoka mikono mitupu."

Boróka alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo kwenye baridi ile lina hatari zake. Akamwangukia baba yake shingoni, wakakaa hivyo kwenye kisiki muda mrefu. Mimi nilijishughulisha na kutenganisha mbao. Nilimsikia Gáspár akimwuliza kama huko Kuopio kuna mtu anayejua kusuka nywele, na Boróka akimjibu kwamba ana miaka ishirini na tisa, na Gáspár akisema hilo silo alilouliza.

Kisha alifungua ile ngumi. Ndani kulikuwa na kifungo cha shaba, cha koti lake la kwanza la kazi, kile alichovaa akiwa na miaka kumi na sita. Mfukoni alikuwa na sindano na uzi. Alikuwa ametoka navyo nyumbani asubuhi ile, kabla ya kujua lolote, kwa ajili ya huyu mtu wa boila asiye na kifungo kwenye jaketi. Alimwamuru Ilmari apige magoti kwenye theluji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akamchoma mara nne, na Ilmari hakupiga kelele, nikaona Gáspár amelipenda hilo tena. Wakati anashona alitoa masharti. Watakuja kila Krismasi, wiki mbili, bila kuitwa. Ilmari atakunywa supu ya samaki yenye paprika. Na jioni hii hii, wakirudi kibandani, atamwambia Lóránt kwamba katika uchunguzi wake suala la Wasumeri bado liko wazi.

Ilmari alisema hilo la mwisho hawezi. Wakavutana, wakapatana kwamba atanyamaza tu Gáspár akilisema.

Chini Lóránt alikuwa amesimama mbele ya kibanda na viatu vyake tu, anapunga mikono, anapiga kelele kuuliza mbao zake zimekwenda wapi. Gáspár alikata uzi kwa meno, akageuza kofia yake ikakaa sawa, akatuambia yeye anatangulia, akaanza kushuka. Nikashika kifungo changu, mazoea tu. Ilmari naye, aliyekwisha kuvaa mbao zake, kwa mara ya kwanza maishani akakishika cha kwake, akaachia fimbo zote mbili, akaanguka chali. Boróka hakumtazama. Alikuwa ameshika cha kwake kwa mikono miwili, na hakukiachia mpaka baba yake alipofika chini.